Sufuria Iliyochemka Bila Moto

Shangazi yangu Rahabu, ambaye Unyambwa nzima ilimwita Mama Festo, alivaa ufunguo shingoni kama wengine wanavyovaa msalaba. Ulikuwa ufunguo wa chuma, wa stoo ya vyombo vya kikundi cha akina mama wa kitongoji: sahani za bati, mabakuli, makarai, miiko mirefu kama mipini ya majembe na, juu ya vyote, sufuria kubwa. Ukiwa na harusi, kipaimara au msiba, uliomba kwa mwenyekiti, mwenyekiti akakutuma kwa shangazi, na shangazi akakukagua kucha kabla hajagusa kufuli. Wapo wanaume pale kwetu waliosema kulipa mahari kulikuwa rahisi kuliko kuazima sahani.

Ufunguo huo hakuuokota. Aliupata miaka ile ya foleni, wakati sabuni ilipokuwa habari ya kusimuliana. Ilikuwa ikifika duka la ushirika, watu wanapanga mawe kushika nafasi, na ikifika zamu ya jiwe lako imekwisha. Shangazi hakupanga jiwe. Alichoma mashina ya alizeti, akajaza majivu kwenye chungu kilichotobolewa chini, akamwagia maji taratibu, na kilichochuruzika kilikuwa na rangi ya chai ya rangi na makali ya mama mkwe. Akakipika na mafuta ya nyonyo kwenye pipa la chuma lililokatwa nusu, akapata sabuni ya kahawia iliyonuka kama beberu aliyenyeshewa. Lakini ilitoa uchafu. Kwa vyombo hakuhitaji hata hiyo: majivu, mchanga wa kando ya ziwa, dodoki, na ukwaju kwa kile kilichofifia. Katika miaka ambayo kitongoji kizima kilinuka jasho, sahani za kikundi ziling'aa, ukiinama kula unakutana na uso wako mwenyewe unakungoja.

Kisha ikaja ruksa ya biashara huria. Kila mtu akafungua duka, hata wasiokuwa na cha kuuza. Sabuni za mche zikarundikwa hadi darini, za unga zikaja kwenye pakiti zenye picha ya mwanamke anayecheka na shuka. Kikundi kikaona aibu na lile nusu pipa, kikaliuza kwa wanaokusanya vyuma, na kwa michango kikanunua sufuria ya alumini kwenye duka la Hirji mjini. Shangazi alikuwa kwenye msafara. Hirji aliishusha kutoka kwenye ndoano, na mkewe, Chanchal, akaifuta vumbi kwa upindo wa sari huku akisema, kwa Kiswahili chake cha kukata kona, kwamba hii isioshwe kwa majivu makali, majivu yataila, ioshwe kwa sabuni. Angeishia hapo mambo yangekuwa mengine. Lakini katika kusema, mkono wake ukachukua pakiti ya sabuni ya unga kutoka rafuni na kuiweka kwenye kaunta, karibu kabisa na sufuria.

Ile pakiti ndiyo iliyoharibu. Nje ya duka shangazi aliwaambia wenzake, "Yule anauza ng'ombe pamoja na majani yake," na akina mama wakacheka hadi stendi. Mmoja tu hakucheka, naye alikuwa Dorkas, mweka hazina wa kikundi. Dorkas alirudi ndani akanunua pakiti.

Kuanzia hapo Dorkas na shangazi waliishi kama paka wawili kwenye dari moja. Kwenye mkutano Dorkas alisema kuosha vyombo kwa majivu ni mambo ya enzi za shida, kwamba wageni wa mjini wanatuona tumebaki nyuma, na kwamba ufunguo uzunguke. Mwenyekiti, mama mmoja mpole aitwaye Elina, akamtazama shangazi. Shangazi angeweza kunyamaza. Kunyamaza hakukuwa kwenye ukoo wetu. Alisimama, akashika kamba ya ufunguo, akasema mbele ya wote kwamba siku chombo cha kikundi kitakapoharibika mkononi mwake atauvua mwenyewe, na atamvika Dorkas kwa mikono yake. Wakapiga makofi. Mimi nilikuwa nimekaa dirishani, nikajiambia maneno kama haya hayafai kusemwa na mtu anayeishi duniani.

Hazikupita wiki nyingi, kikaja kipaimara cha upande wa juu. Waliopika walisahau pilau motoni wakisikiliza ugomvi wa jirani, na ukoko ukashika chini ya sufuria kama lami. Dorkas akasema dawa ni waya wa kusugulia na sabuni ya unga, vyote anavyo. Shangazi akasema dawa ni sufuria kuondoka mbele ya Dorkas. Akaibeba hadi nyumbani. Huko akatengeneza maji ya majivu, si yale ya kila siku, bali yale ya kupikia sabuni, akayachemsha yakapungua yakawa mazito. Akayamimina ndani ya sufuria yakiwa ya moto, akafunika, akaweka mawe mawili juu ya mfuniko.

Jioni nilipopita uani nikasikia sufuria inaunguruma. Chini yake hapakuwa na kuni wala kaa. Iko juu ya udongo mtupu, na ndani inachemka, chwiii, na mfuniko unatetemeka na mawe yake.

"Shangazi, moto uko wapi?"

"Hakuna moto."

"Basi tumwite mchungaji."

"Ni ukoko unalia," akasema bila kugeuka. "Umekutana na mwenyewe."

Asubuhi sufuria ilikuwa imenyamaza. Shangazi alipoondoa mfuniko alikuta maji yamekuwa tope la kijivu, na ndani, kule kulikokuwa kweupe, pamekuwa peusi kama koo la bomba la moshi. Ukoko ulikuwa umetoka, hilo lazima lisemwe. Umetoka wote. Shangazi alisimama ameshika kidevu. Kisha akaloweka ukwaju ndoo nzima, akauchemsha humo ndani, na jamani, weupe ukarudi. Ukarudi kuliko siku ya dukani. Akaanza kuimba pambio. Akaisuuza, akaipindua, akajitwika kichwani ili airudishe stoo, na kwa vile sufuria ile ilikuwa na ukubwa wa beseni la kuogea ng'ombe, ikammeza hadi mabegani. Ukimtazama kwa mbali uliona sufuria yenye miguu ikivuka uwanja.

Katikati ya uwanja miguu ikasimama. Pambio likakatika.

"Njoo," sauti ikatoka ndani.

Nikaenda.

"Njoo humu."

Nikainama nikaingia. Tukawa vichwa viwili ndani ya sufuria moja, pua kwa pua, tunanuka ukwaju.

"Tazama juu. Unaona nini?"

Niliona jua. Sikuliona lote, niliona vipande vyake vidogo vidogo, vimetawanyika kwenye kitako cha sufuria kama matundu ya chujio la chai.

"Naona jua," nikasema.

"Hata mimi," akasema shangazi, na nikasikia pumzi yake ikigonga sufuria.

Ilikuwa Alhamisi. Jumamosi Aneth, binti wa mwenyekiti Elina, alikuwa anaolewa, na kitongoji kizima kilikuwa kimeambiwa kitakula pilau. Sufuria ya pili ya ukubwa huo haikuwepo. Nusu pipa lilishauzwa. Na kiapo kilikuwa kimesikiwa na kila mwenye masikio.

Aliirudisha ndani ya nyumba, akafunga mlango mchana kweupe, jambo ambalo kwetu lina maana kwamba kuna mgonjwa au kuna nyama. Mimi nilitumwa sokoni kwa Zefania, fundi wa kuziba ndoo, nikaulize kama mtu anayeuliza tu. Kuibeba sufuria yenyewe hakukuwezekana. Huwezi kuficha kitu kama kile, ni sawa na kumficha ng'ombe chini ya kanga. Shangazi alisema nitafaa kwa kazi hiyo kwa sababu nina nusu ya stashahada, na swali lenyewe ni la nusu. Zefania alinijibu bila kuinua macho kwamba risasi ya kulehemu haishiki kwenye alumini, kinachofaa ni ripiti, vile vipini vya kugongomea, tundu moja ripiti moja, na akauliza matundu ni mangapi. Nikamwambia ni ya kufikirika. Akainua macho. Nikaondoka.

Shangazi aliposikia hivyo alikaa na mwiko mapajani. Kisha akauliza, kama anayejiuliza mwenyewe, chungu kipya cha udongo kinavujaje kabla hakijapikiwa. Kinavuja, nikasema. Na kinaacha vipi. Hapo akanyanyuka. Chungu kipya wanakipikia kwanza uji mzito wa uwele, unachemka mpaka unaingia kwenye vinyweleo na kuungulia humo. Alipika uji huo ndani ya sufuria ya alumini, uji wa kumtosha tembo, akauacha ukaungua kidogo chini, akaukomba kwa upole kama anayemnyoa mtoto. Akajaza maji. Tukakaa tunatazama kitako chake. Likatoka tone moja, likaning'inia, likaona aibu, likakauka. Halikutoka jingine.

"Usicheke," akaniambia. Sikuwa nacheka. Nilikuwa najiuliza uji utafanya nini utakapokutana na mafuta ya vitunguu.

Jumamosi alifika mafigani kabla ya wote na hakuondoka. Kwa kawaida shangazi kwenye harusi ni mtu wa kupita kila mahali akikosoa: maua yamefungwa vibaya, bwana harusi ana shingo fupi. Siku ile alikaa kwenye kigoda kando ya moto kama aliyefungwa kamba. Mafuta yalipomiminwa alifumba macho. Vitunguu vikaanza kuimba. Akapunguza kuni, akazichomoa moja moja, akina mama wakamwuliza kama pilau litaiva kwa moto wa kuwashia sigara. Alisema pilau la haraka ndilo lililounguza sufuria hii mara ya mwisho.

Kisha nyama, kisha maji ya mchele. Na maji yalipopanda, chini kwenye makaa kikasikika kitu kidogo.

Tsss.

Mwenyekiti Elina, aliyekuwa amekuja kuonja chumvi, akainamisha sikio. Akauliza mbona moto unalia.

"Kuni mbichi," akasema shangazi.

"Kuni nilileta mimi," akasema Dorkas kutoka kwenye karai la vitunguu. "Zimekaa darini kwangu tangu mavuno. Hata panya wanaziogopa kwa ukavu."

Tsss, ikasema sufuria.

Shangazi aliinua mkono akachota mchele, kwanza kwa bakuli, kisha kwa beseni zima, akaumimina kabla ya wakati wake, akakoroga hadi chini kwa nguvu za mtu anayechimba kaburi. Elina akasema maji bado hayajachemka sawasawa. Shangazi akasema leo mchele ni wa aina nyingine. Sote tulisubiri. Mimi jasho lilikuwa linanishuka mgongoni, na sikuwa nimebeba hata sahani. Wanga wa mchele ukashuka, ukafika chini, ukakutana na uji wa uwele. Makaa yakanyamaza. Dorkas aliendelea kutazama yale makaa muda mrefu, kisu kimesimama juu ya kitunguu, kisha akarudi kwenye kazi yake.

Vigelegele vilipolia nje na Aneth akapita na shela lake, kila mpishi alikimbia kwenda kuona. Shangazi hakunyanyuka. Alimshika Aneth mikononi siku aliyozaliwa, na hakumwona siku anaolewa.

Pilau liliiva. Liliiva vizuri, na hilo ndilo lililomtia matatani. Wageni wa mjini walirudia sahani, mshenga akasema hajala hivi tangu aondoke Itigi, na Elina, kwa furaha, akaagiza mpishi mkuu aletwe mbele apewe zawadi. Shangazi akasema ana sufuria ya kuosha, asiioshe mtu mwingine. Wakamvuta. Alishika mguu wa meza. Wakavuta na meza. Wakampeleka katikati ya turubai, wakamfunga kanga mpya mabegani, ngoma ikapigwa, na akachezeshwa kwa nguvu, macho yake yote yako nyuma, jikoni.

Kwa sababu kutoka jikoni ilikuwa inasikika, kati ya pigo na pigo la ngoma: kwaru, kwaru, kwaru.

Dorkas alikuwa amekunja mikono ya gauni. Naapa hakuwa na nia mbaya. Alimwona mwenzake anaheshimiwa, akaona amsaidie kazi, na labda aoneshe kidogo sabuni ya unga inafanya nini. Akatia unga, akatia maji ya moto, akashika waya, akasugua kitako cha sufuria kwa moyo wote. Uji wa uwele na wanga wa harusi vikatoka pamoja. Akaisuuza. Akaiinua kuelekea jua aone imetakata.

Shangazi alifika mbio, kanga imemfunga shingo, mimi nyuma yake. Tukamkuta Dorkas amesimama na sufuria juu ya uso wake, na usoni mwake vipele vya mwanga. Aliishusha polepole. Akautazama waya mkononi. Akafungua vidole, waya ukaanguka.

"Nimeitoboa," akasema.

Akina mama wakakusanyika. Walipokezana sufuria, kila mmoja akachungulia, kila mmoja akapiga ulimi. Na hapo mambo yakageuka namna ambayo shangazi hakuwa ameiota. Wakaanza kumsema Dorkas. Si uliambiwa hizo waya ni za kukwangulia meli. Si hizo sabuni zako za picha. Michango yetu yote. Dorkas alikuwa anajifuta mikono kwenye gauni, anafuta tena, na povu halikwishi.

Nilimtazama shangazi. Hakuna aliyemwuliza lolote. Angenyamaza tu, ufunguo ungebaki, Dorkas angekwisha, na majivu yangetawala Unyambwa mpaka kiama. Mimi, kama mnataka kujua, moyoni nilikuwa nimeshapiga kura anyamaze. Alikuwa ameshika kamba ya ufunguo.

Kisha Elina, kwa upole wake, akamwekea mkono begani juu ya ile kanga mpya. Akasema, "Ingeoshwa na Mama Festo kwa majivu yake, leo tusingekuwa hapa."

Nafikiri shangazi angevumilia yote, lakini si hilo. Alijikunja kama mtu aliyechomwa na mwiba.

"Dorkas," akasema. "Acha kujifuta. Hayo matundu ni yangu."

Hakuna aliyeelewa. Ikabidi aanze upya: ukoko, maji ya majivu, sufuria iliyochemka bila moto, ukwaju, uji. Alisema yote, hata kichwa changu ndani ya sufuria. Alipofika kwa Chanchal na pakiti yake, sauti ikapungua. Akasema yule mama wa Kihindi alimwonya wazi, naye akamgeuza kichekesho barabara nzima. Mtu mmoja nyuma akauliza ina maana tumekula pilau lenye uji. Akaambiwa anyamaze, na hata hivyo alirudia sahani.

Shangazi akauvua ufunguo. Kamba ilinasa kwenye kanga, akahangaika nayo, na hakuna aliyethubutu kumsaidia. Akamsogelea Dorkas.

Kama ningekuwa natunga, Dorkas angekataa, wangelia, wangekumbatiana. Dorkas aliinamisha kichwa akavikwa. Alisubiri ule ufunguo miaka, na heshima haimaanishi mtu awe mjinga. Ila ulipomgusa kifuani alisema, taratibu, tulisikia wachache tu, "Ningelala na hilo jambo maisha yangu yote, Mama Festo." Shangazi akasema, "Hata mimi," akaingia jikoni akaosha sahani zilizobaki kwa sabuni ya unga, akipiga chafya.

Sufuria yenyewe kikundi kilimwachia. Kuna mtani aliyependekeza aitumie kuchujia majivu, maana matundu yako tayari. Alitazamwa kwa jicho ambalo sijui kama amelipona. Sasa kuku anataga humo. Shangazi mwenyewe alipanda mjini siku ya soko akaenda kwa Hirji, akasimama mbele ya kaunta, akamwambia Chanchal kwamba alisema kweli. Chanchal hakumkumbuka. Alipokumbushwa alicheka, kisha akaona mwenzake hacheki, akaingia nyuma ya duka akarudi na spika ya redio mbovu, akaing'oa sumaku yake. Akamwonesha kwa vyombo vya kwenye kaunta: hii imeshika, ni chuma, majivu hayaidhuru, hii haishiki, weka mbali. Safari hii hakunyoosha mkono rafuni. Shangazi aliangalia, nina uhakika aliangalia.

Msiba uliofuata nilikwenda kuchota maji. Dorkas alikuwa mlangoni mwa stoo anatoa vyombo, na pembeni shangazi amekaa chini kama akina mama wengine, sumaku mfukoni mwa gauni. Hakuna aliyempangia kazi hiyo. Dorkas anatoa chombo, shangazi anakigusa kwa sumaku, anakisukuma kulia kwa wenye majivu au kushoto kwa wenye sabuni. Sahani, kulia. Karai, kulia. Sufuria ndogo, kushoto. Walifanya hivyo hadi stoo ikaisha.

Mwishoni Dorkas akainama mbele yake, ufunguo ukining'inia. "Nipime na mimi, nijue naoshwa na nini."

Shangazi aliinua sumaku. Ufunguo ukaondoka kifuani kwa Dorkas, ukaja wenyewe, ukanasa mkononi mwake, tik. Wote wawili wakautazama. Shangazi aliushika hapo kidogo, kamba imenyooka kati yao, kisha akauchomoa kwenye sumaku na kuurudisha ulikotoka.

"Wewe sabuni," akasema. "Majivu utayaweza wapi."

Nao wakabeba makarai kwenda kisimani.